KADI YA MKOPO NA MFUKO WA MKULIMA

*Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Union mbele ya wanachama na wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi*



Nimeagizwa na Bodi niseme mbele yenu juu ya jambo ambalo, Union yetu ilipoandikishwa miaka kumi iliyopita, halikuwamo kabisa katika mazungumzo yetu. Wakati ule tulisemezana juu ya mizani, magunia, ghala na bei. Leo ghala tunalo, mizani hukaguliwa, na fedha za kahawa hazihesabiwi tena mezani pa karani, bali hupitia katika akaunti ya kila mwanachama benki. Hayo ni maendeleo, nasi twastahili kuyafurahia. Lakini mtu mwenye akaunti hutembelewa na wageni ambao asiye na akaunti hawajui, na mmoja wa wageni hao ni kadi ya mkopo.

Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba benki moja imetuletea pendekezo. Kila mwanachama aliyeuza kahawa yake kwa Union kwa misimu mitatu mfululizo apewe kadi ya mkopo. Deni lake likatwe katika malipo ya kahawa kabla fedha hazijamfikia. Na chama chake cha msingi kiwe mdhamini. Shauri hili litaletwa katika Mkutano Mkuu, na ninyi ndio mtakaolikata. Bodi haikupenda mtu yeyote anyoshe mkono wake, wa kukubali au wa kukataa, kwa jambo asilolielewa. Basi nitajitahidi kulieleza kwa maneno ya wazi, kisha nitasema maoni yangu, nanyi mtayapima.

Kadi mbili zisizofanana

Kwanza yafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kwa sababu vinafanana kwa umbo. Kadi ambayo wengi wenu mnayo mfukoni sasa, ile mnayoitia katika mashine ya benki mkatoa fedha, si kadi ya mkopo. Hiyo ni ufunguo wa sanduku lako mwenyewe. Ukitoa shilingi 50,000, akiba yako imepungua kwa shilingi 50,000; na sanduku likiwa tupu, mashine itakunyima.

Kadi ya mkopo ni ufunguo wa sanduku la mwingine. Ukinunua mbolea kwa kadi hiyo, mwenye duka hulipwa na benki, nawe papo hapo umekuwa mdaiwa wa benki. Sanduku lako laweza kuwa tupu kabisa, na kadi bado itakubali, mpaka ufike kwenye kikomo ulichowekewa. Kikomo hicho wengine hukiona kama mali waliyopewa. Si mali. Mtu aliyeandikiwa kikomo cha shilingi 1,000,000 hakutajirika kwa shilingi hata moja. Ameruhusiwa tu kudaiwa mpaka hapo.

Ilikotoka

Kadi hizi zilianza Marekani. Mwaka 1950, katika mji wa New York, ilitolewa kadi iliyoitwa Diners Club, ambayo mtu aliweza kula hotelini bila fedha taslimu, kisha akalipa hesabu yote mwisho wa mwezi. Ilikuwa ya karatasi ngumu, wala haikumruhusu mtu kubakiza deni. Mwaka 1958 Bank of America ilipeleka kwa posta kadi 60,000 kwa watu wa mji wa Fresno katika jimbo la California. Watu hao hawakuziomba. Walifungua bahasha wakazikuta. Kadi hizo zilikuwa na jambo jipya: mwenye kadi aliweza kulipa sehemu tu ya deni, na sehemu iliyobaki ikaendelea kuzaa riba.

Wakuu wa benki ile walitazamia kwamba katika kila wadaiwa 100, wapatao 4 tu ndio wangechelewa kulipa. Walipokuja kuhesabu, waliona waliochelewa ni 22. Wao wenyewe walipata hasara kubwa kwanza, ndipo wakatengeneza utaratibu, na baadaye kazi hiyo ikageuka kuwa ya faida nyingi. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ilikataza kumpelekea mtu kadi ambayo hakuiomba. Nawaomba mkumbuke habari hii kwa sababu moja: ikiwa wenye benki wenyewe, pamoja na makarani wao na hesabu zao, walikosea kukadiria uwezo wa watu kulipa, mkulima asione haya kukaa chini na kalamu kabla ya kutia sahihi.

Inavyofanya kazi

Kila mwezi benki hufunga hesabu na kumpelekea mwenye kadi taarifa. Katika taarifa hiyo yako mambo manne yanayopasa kusomwa kabla ya mengine yote: jumla ya deni, siku ya mwisho ya kulipa, kima cha chini cha kulipa, na riba.

Akilipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, kwa kawaida hatozwi riba juu ya vitu alivyonunua. Kwa mtu wa namna hiyo kadi ni msaada mzuri: amenunua leo, amelipa baada ya wiki kadhaa, wala hakubeba mabunda ya fedha njiani. Lakini akilipa kima cha chini tu, benki haitamgombeza. Itamshukuru, kwa maana hapo ndipo faida yake ilipo. Deni lililobaki hutozwa riba, na katika kadi nyingi hata vitu vipya atakavyonunua mwezi unaofuata huanza kutozwa riba tangu siku ya kununuliwa. Akitoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, mara nyingi hutozwa ada papo hapo, na riba huanza siku ileile bila kungoja. Akichelewa, huongezewa adhabu. Na ziko kadi zenye ada ya kila mwaka, itumike isitumike.

Tuchukue mfano wa hesabu. Hesabu hii ni ya kujifunzia, si masharti ya benki yoyote. Mwanachama ananunua mbolea na dawa za shilingi 600,000 kwa kadi yenye riba ya 3 kwa mia kila mwezi, na kima cha chini ni 5 kwa mia ya deni. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 18,000, deni linakuwa 618,000, na anatakiwa alipe 30,900. Analipa, naye anarudi nyumbani akijiona ametimiza wajibu. Lakini katika 30,900 hizo, 18,000 zimekwenda katika riba, na deni la mbolea limepungua kwa 12,900 tu. Akiendelea hivyo kwa mwaka mzima bila kukosa hata mwezi mmoja, na bila kununua kitu kingine chochote, atakuwa amelipa kiasi cha shilingi 329,900. Na deni? Bado ni shilingi 462,200 na kitu. Zaidi ya nusu ya fedha alizolipa haikugusa deni.

Kwa hiyo mtu asidanganyike na udogo wa neno "3 kwa mia". Aulize daima: kwa siku ngapi? Jirani zetu wa Kenya walipoanzishiwa mikopo ya simu ya M-Shwari mwaka 2012, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa shilingi 100,000 alirudisha 107,500. Yaonekana ni kidogo. Lakini mtu aliyekopa kiasi hicho na kurudisha, akakopa tena na kurudisha, kwa miezi 12, alilipa 90,000 kwa kutumia fedha zilezile 100,000. Riba ya mwezi na riba ya mwaka ni kama debe na gunia. Asiyetofautisha vipimo hivi viwili ataibiwa mchana kweupe.

Mwezi na msimu

Sasa nimefika katika kiini cha maneno yangu, nanyi niwieni radhi nikikaa hapo kidogo.

Kadi ya mkopo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Mwalimu, karani, askari, dereva wa kampuni, hao hupata fedha kila mwisho wa mwezi, na kadi huwadai kila mwezi. Kalenda ya kadi na kalenda ya mfuko wao ni moja. Sisi hatuko hivyo. Mkahawa hauna mwisho wa mwezi. Twapalilia, twatia mbolea, twapogoa, twanyunyiza dawa, na katika miezi hiyo yote fedha hutoka tu, haziingii. Kisha twavuna, twakausha, twapeleka chamani, kahawa inakwenda mnadani, ndipo malipo hufika. Kadi huhesabu mwezi. Shamba huhesabu msimu. Hapo ndipo ilipo hatari, hata kwa mtu mwaminifu na mwenye bidii.

Mchukueni tena yule mwanachama wa shilingi 600,000. Amenunua mbolea mwezi wa Februari, na fedha za kahawa zitamfikia mwezi wa Septemba. Hana mshahara wa kulipia kima cha chini. Kwa miezi 7 riba inazaa juu ya riba, na malipo yakifika deni limekuwa shilingi 737,900 na zaidi, mbali na adhabu za kuchelewa. Riba peke yake ni shilingi 137,900. Kama bei ya kilo ya kahawa ingekuwa shilingi 5,000, mwanachama huyo angekuwa amepalilia, amevuna, amekausha na kubeba kilo 27 na nusu kwa ajili ya riba tu. Wala hakuwa mvivu, wala mlevi, wala mwongo. Kosa lilikuwa katika kuvaa kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mtu mwingine.

Tena tukumbuke kwamba mwezi wa Januari haumkuti mkulima na haja ya mbolea peke yake. Watoto wanarudi shuleni, watakiwa sare, madaftari na viatu. Akiwa na kadi mfukoni yenye kikomo kilichobaki, ni vigumu mzazi kusema sina. Na baada ya sare huja michango ya harusi, na baada ya harusi simu mpya. Wazee walitusia kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Na kadi imeifanya harusi hiyo iwe nyepesi kuliko zamani, kwa kuwa mkopaji haoni uso wa anayemkopesha. Aliyekwenda kwa jirani kukopa alijieleza, akaulizwa maswali, akaona aibu kidogo, na pengine akapunguza haja yake. Mashine haimwulizi mtu neno.

Butura iliyovaa nguo mpya

Ndugu zetu wa Kagera wana neno lao, butura. Mkulima aliyebanwa na shida humwuzia mchuuzi kahawa ingali mtini, pengine ingali maua, kwa bei ndogo mno. Kahawa ikiiva si yake tena. Yeye amekuwa mlinzi na mchumaji wa mali ya mwingine. Ushirika wa kahawa umepigana na mambo ya namna hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu mkulima aliyeuza kabla ya kuvuna hana kahawa ya kuleta chamani, na chama kisichopata kahawa hakina nguvu mnadani.

Nawaulizeni basi: ikiwa deni la kadi litakatwa katika malipo ya kahawa kabla mwenyewe hajaziona fedha, na deni hilo limezaa riba miezi saba, tofauti yake na butura ni ipi? Tofauti ipo, nami sitaki kuonea benki. Bei ya kahawa haikupunjwa, na hesabu imeandikwa, yaweza kukaguliwa. Lakini kwa mtu aliyetumia kadi bila kipimo mwisho ni uleule: siku ya malipo anapewa karatasi yenye sifuri. Na mwanachama aliyepewa sifuri na Union yake, msimu ujao atapitisha kahawa usiku kwa mchuuzi ili akwepe makato. Hapo Union itakuwa imeharibikiwa kwa mkono wake yenyewe.

Juu ya udhamini nasema kwa uwazi zaidi. Chama cha msingi kikiwa mdhamini, maana yake ni kwamba asipolipa mmoja, watatozwa wengine. Mjane mwenye miche 200, ambaye hakuwahi kuitaka kadi, atapunguziwa malipo yake ya pili ili kufidia deni la mtu aliyenunua televisheni. Sioni namna ya kumweleza mama huyo kwamba huo ndio ushirika.

Waliotutangulia walifanya nini

Ushirika haukuanza jana kufikiri juu ya madeni. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28 walifungua duka lao dogo tarehe 21 Desemba, wakiuza unga, siagi, sukari na vitu vya namna hiyo. Katika kanuni zao mojawapo ilikuwa kuuza kwa fedha taslimu tu. Hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wamewaona wafanyakazi waliofungwa na madeni ya maduka, wasioweza kuhama duka hata walipouziwa unga mbovu, maana walikuwa wakidaiwa.

Mwaka 1864, huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaanzishia wakulima wa Heddesdorf chama cha kukopeshana. Yeye hakukataa mkopo. Aliona kwamba mkulima bila mkopo huangukia mikononi mwa wakopeshaji wakali. Lakini mikopo yake ilitolewa na watu wa mahali pamoja, wanaojuana, kwa kazi inayozaa, na kwa muda unaomfaa mkulima. Rochdale ilisema: usile kwa deni. Raiffeisen alisema: ukikopa, kopa upande. Maneno haya mawili hayapingani, na sisi twahitaji yote mawili.

Na wako watu waliokwisha kuishona kadi kwa mguu wa mkulima. Mwaka 1998 India ilianzisha kadi iitwayo Kisan Credit Card, na *kisan* maana yake ni mkulima. Kikomo chake hupimwa kwa ukubwa wa shamba na gharama za zao linalolimwa, wala si kwa maneno matamu ya mwombaji. Muda wa kulipa hufuata mavuno na mauzo ya zao, si mwisho wa mwezi. Hutolewa na mabenki ya kawaida na hata na mabenki ya ushirika. Kwa msaada wa serikali, mikopo ya muda mfupi imepewa riba ya 7 kwa mia kwa mwaka, na anayelipa kwa wakati hupunguziwa mpaka 4 kwa mia. Sisemi kwamba India haina wakulima wenye madeni. Wako, tena wengi. Nasema tu kwamba kadi inayohesabu msimu yawezekana, kwa hiyo tusiambiwe kwamba kadi ya kila mwezi ndiyo iliyopo peke yake duniani.

Maoni yangu juu ya pendekezo

Kwa hayo yote, maoni yangu ni haya. Pendekezo tusilikatae kwa hasira, wala tusilipokee kama lilivyo. Turudi mezani na benki hiyo kwa masharti matano.

La kwanza, siku ya mwisho ya kulipa deni la pembejeo iwe baada ya malipo ya kahawa, na riba itajwe kwa mwaka, kwa tarakimu na kwa maneno.

La pili, kikomo kipimwe kwa kahawa ambayo mwanachama ameileta katika misimu mitatu iliyopita, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya awali, ili asirudi nyumbani mikono mitupu.

La tatu, kadi itumike kwa mbolea, dawa, zana na miche, katika maduka yaliyokubaliwa, wala isitoe fedha taslimu.

La nne, chama cha msingi kisiwe mdhamini. Anayekopa ajidhamini kwa kahawa yake mwenyewe.

La tano, kila taarifa ya hesabu iandikwe kwa Kiswahili, nayo imweleze mwenye kadi kwamba akilipa kima cha chini tu atamaliza deni baada ya muda gani na kwa jumla ya shilingi ngapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 imezilazimisha benki za huko kuandika hivyo. Jambo linalomfaa mtu wa New York litamfaa na mkulima wa kahawa.

Benki ikikubali, tutakuwa tumepata chombo kizuri. Isipokubali, tutaendelea na mikopo ya pembejeo kwa njia ya chama na akiba zetu, polepole, mpaka tumpate mwenzi mwingine wa kufanya naye kazi.

Kwa yule aliye na kadi tayari

Najua wako wanachama ambao tayari wana kadi za mkopo, hasa wenye duka, mashine ya kusaga au kazi ya mshahara pembeni ya shamba. Kwao nina machache.

Kadi iwe moja. Mwenye kadi tatu hulipa ya kwanza kwa ya pili, na ya pili kwa ya tatu, akidhani analipa.

Kabla ya kununua, jiulize fedha za kulipia zitatoka wapi na tarehe gani. Kama huwezi kutaja tarehe, usinunue.

Lipa deni lote. Ikishindikana, lipa zaidi ya kima cha chini, na usinunue kingine mpaka deni liishe. Dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna dawa ya pili.

Usilipe deni la kadi kwa mkopo wa simu, wala kwa ile mikopo ambayo watu wameiita kausha damu. Jina hilo halikutungwa bure. Mkopeshaji yeyote asiyeonyesha leseni, mkimbie. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na wengi waliozitumia walikwisha kuona simu za aibu zikipigwa kwa ndugu na marafiki zao.

Namba ya siri ni siri. Usimwambie karani wa benki, wala kijana wa dukani, wala mtu anayepiga simu akijiita afisa. Tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi nazo ni siri, na pia namba inayotumwa kwa simu yako unaponunua kitu. Kadi ikipotea, iarifu benki saa ileile, usingoje asubuhi.

Soma taarifa yako kila mwezi, na ukiona kitu usichokinunua, lalamika kwa maandishi upesi. Na taarifa hiyo isomwe na mume pamoja na mke. Kahawa huchumwa na mikono minne. Si haki deni lake lijulikane na mikono miwili.

Mwisho, mwanachama asiyeelewa taarifa yake ailete ofisini kwangu siku ya Jumatano, mchana kabla ya saa tisa. Tutaisoma pamoja mlango ukiwa umefungwa, wala habari zake hazitatoka nje. Makatibu wa vyama vya msingi nawaomba nao watenge siku kama hiyo. Kazi ya katibu si kuandika uzito wa kahawa tu.

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi iliyopita tulianza bila ghala, na mali yetu ilikuwa mizani moja na daftari. Lakini tulikuwa na jambo moja lililowafanya watu watuamini: kila kilo iliyopimwa iliandikwa, na kila mtu aliweza kuliona jina lake na uzito wake. Mkopo nao wataka hivyo hivyo. Upimwe, uandikwe, usomwe na mwenyewe, na ulipwe siku yake. Mkulima awezaye kufanya hivyo hana haja ya kuogopa kadi. Asiyeweza bado, aiache kwanza, ajifunze, wala asione haya mbele ya mtu yeyote.

Shauri sasa ni lenu. Nawatakieni heri ya miaka kumi, na mavuno mema ya msimu ujao.